Tovuti Inayokujibu: Mwalimu Afundishweje Kuijenga?

Mwanafunzi wa bweni akikwama kwenye hesabu saa mbili usiku huinua mkono tu. Mwalimu wa zamu yupo, na asipokuwepo yuko kaka wa kidato cha nne dawati la pili. Sisi wa kutwa je? Saa mbili usiku kila mtu yuko kwao, mwingine hapa Kimulot sokoni, mwingine kule juu karibu na msitu wa Mau, na mvua inagonga mabati hata husikii unachofikiria. Mzazi ametoka kuchuma majani chai tangu alfajiri, amechoka, na hata asingechoka, habari za logi si zake. Basi swali linalala nawe, asubuhi mnaamka pamoja, na ukifika darasani mwalimu keshaanza mada nyingine. Watu husema sisi wa kutwa hatuna bidii. Mimi nasema usiku hatuna wa kumwuliza.

Katika makala haya nataka kueleza kitu kinachoweza kupunguza shida hiyo, nacho ni tovuti za masomo zinazomjibu mwanafunzi, na jinsi walimu wetu wanavyoweza kufundishwa kuzijenga wenyewe. Nimesema walimu wetu. Sikusema wahandisi wa Nairobi. Sababu itaonekana mbele.

Tuanze na neno lenyewe. Tovuti ni kurasa zilizounganishwa, ukigusa maneno fulani kwenye ukurasa mmoja unapelekwa kwenye mwingine. Aliyebuni mpango huu ni Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyeupendekeza mwaka 1989 akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN kule Geneva, Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikautoa uvumbuzi huo kwa ulimwengu wote bila malipo. Kwa hiyo hadi leo mwalimu wa Kimulot haombi ruhusa wala halipi mtu ili aandike ukurasa. Lugha inayotumika huitwa HTML, na usiogope jina, ni maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama: hapa pana kichwa, hapa pana aya, hapa pana kiungo. Unaweza kuyaandika kwa programu ya Notepad ambayo huja na kompyuta za Windows. Ukishaandika, unahifadhi faili, unalifungua, na ukurasa wako huo hapo unakutazama. Hata intaneti haihitajiki kufikia hapo. Wengi hudhani inahitajika, na ndipo hukata tamaa kabla ya kuanza.

Sasa si kila tovuti ya masomo humsaidia yule mwanafunzi wa saa mbili usiku. Nyingine ni kabati. Mwalimu amepiga picha noti zake za mwaka juzi, akaziweka humo, akaandika "tovuti ya masomo". Sisemi kabati ni baya. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, yaani KICD, ina kabati kubwa liitwalo Kenya Education Cloud, na jirani zetu Watanzania wana Maktaba Mtandao ya taasisi yao ya elimu. Nyingine ni kama redio. Mnakumbuka Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona? Mimi nilikuwa darasa la tano. Serikali ilitupa vipindi vya redio na televisheni, nasi wa darasa letu tulirudi shuleni Januari 2021. Vipindi vilikuwa vizuri, lakini redio haikungoji. Ukiuliza "kwa nini?" yenyewe inaendelea tu, na betri inakwisha.

Tovuti ninayoizungumzia mimi ni ya tatu. Inakuuliza, inangoja, unajibu, nayo inakuambia jambo kulingana na jibu lako. Si jambo lolote tu, bali lile linalomfaa mtu aliyejibu vile. Hiyo ndiyo maana ya tovuti shirikishi. Maandishi yanayorukaruka, nyota zinazometameta na muziki wa kukaribisha wageni si ushirikishi, hayo ni mapambo ya harusi.

Wazo hili si la juzi. Mwaka 1960, kabla Kenya haijapata uhuru, Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kilianzisha mtambo wa kufundishia ulioitwa PLATO, chini ya Donald Bitzer. Mwanafunzi alikaa mbele ya skrini, akaulizwa, akajibu. Taabu ilikuwa moja: kuandika somo kulihitaji mtu anayejua kuamrisha kompyuta, na mtu huyo aghalabu hakuwa mwalimu. Mwaka 1967 kijana mmoja, Paul Tenczar, mwanafunzi wa baiolojia hapo chuoni, akabuni lugha aliyoiita TUTOR ili mwalimu wa kawaida aweze kuandika somo mwenyewe. Na sasa sikiliza sehemu inayonifurahisha. Katika lugha hiyo mlikuwa na amri ya jibu sahihi, na mlikuwa na amri nyingine kwa jibu lisilo sahihi ambalo mwalimu amelitarajia. Mwalimu alikaa akafikiri, "Hapa watoto watakosea hivi", akaandika kosa lenyewe, na chini yake akaandika maneno ya kumsaidia aliyelifanya. Yaani tangu hapo mwanzo walijua kwamba kazi yote imo katika kosa.

Nitoe mfano wa kwetu, tena wa somo letu la Kiswahili. Swali ni hili: "Majani ya chai ______ jana." Majibu ya kuchagua ni imechumwa, zimechumwa, limechumwa na yamechumwa.

Mhandisi atajenga ukurasa wake vizuri kabisa, rangi zake safi, na ukichagua imechumwa utaandikiwa, "Umekosea. Jaribu tena." Jamani, nijaribu tena wapi? Nimeshajaribu, ndiyo maana nikakosea. Nitagusa jibu la pili, la tatu, mpaka nifike kwenye lililo sahihi, nipewe alama, na kesho nitaandika imechumwa katika insha.

Mwalimu wetu hawezi kufanya hivyo kwa sababu anatujua. Anajua kwamba wengi wetu nyumbani tunaongea Kipsigis, lugha isiyo na ngeli kama za Kiswahili, na kwamba Kiswahili tulichokizoea ni kile cha sokoni na cha matatu, ambamo i- huvishwa kila kitu: kitabu imepotea, maji imemwagika, viatu imechafuka. Kwa hiyo aliyechagua imechumwa ana sababu mojawapo ya mbili. Ama amefuata mazoea ya sokoni, ama ameliangalia neno chai badala ya majani. Chai huchukua i-, kwa hiyo huyu wa pili hakuwa mjinga hata kidogo, ameshika nomino isiyohusika tu. Mwalimu atamwandikia: "Kinachochumwa ni nini, chai au majani? Weka kidole kwenye neno hilo. Maneno 'ya chai' yanaeleza tu ni majani gani."

Aliyechagua zimechumwa ana ugonjwa mwingine. Ameona vitu ni vingi akakimbilia zi-. Huyu aandikiwe: "Ni kweli ni mengi. Sasa nipe moja. Jani moja limefanya nini?" Akisema jani limechumwa, ataiona LI-YA mwenyewe. Naye aliyechagua limechumwa anaijua ngeli, ila amesahau wingi. Huyo maneno machache yanamtosha. Swali moja, makosa matatu, na kila kosa lina mlango wake. Hata aliyepata aelezwe kwa nini amepata, maana yawezekana amebahatisha.

Hesabu nazo ni vivyo hivyo. Kutoa 5 kutoka -3, yaani -3 - 5, jibu ni -8. Lakini hesabu madaftari ya kidato cha kwanza uone ni wangapi wameandika 8. Wamekariri kwamba "hasi na hasi ni chanya", kanuni ya kuzidisha, wakaileta kwenye kutoa ambako haihusiki. Wengine wameandika 2 kwa kutoa 3 kutoka 5 na kusahau alama. Mtu wa kwanza anahitaji kuambiwa habari ya deni: una deni la shilingi 3, ukakopa nyingine 5, una deni la ngapi? Mtu wa pili ana shida tofauti, ukimpa hadithi ya deni utakuwa umempa dawa ya jirani.

Haya yote yako wapi sasa? Yako katika majilisi, kwenye marundo ya madaftari yaliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu, na katika vichwa vya walimu waliofundisha mada hiyo miaka kumi. Hayauzwi dukani wala hayako Nairobi. Ndiyo maana nasema tovuti hii lazima aijenge mwalimu. Kompyuta anaweza kufundishwa kwa siku chache, bali yule mhandisi hawezi kufundishwa makosa yetu kwa siku chache.

Swali linalobaki ni mafunzo yenyewe. Mafunzo mengi ya kompyuta kwa walimu, jinsi walimu wenyewe wanavyosimulia, huanza na mashine. Hiki ni kibonyezo, hiki ni kipanya, hivi ndivyo slaidi inavyotengenezwa, chukua cheti, kunywa chai, nenda nyumbani. Mwalimu akirudi shuleni slaidi zake ni ubao uleule, isipokuwa sasa unahitaji stima. Hata Shirika la UNESCO, katika mwongozo wake wa ujuzi wa teknolojia kwa walimu uliotoka kwanza mwaka 2008 na kurekebishwa 2011 na 2018, limeweka ngazi tatu, na ya juu kabisa ni mwalimu kuunda maarifa. Wengi huachwa ngazi ya kwanza.

Mimi ningeyapanga hivi. Siku ya kwanza kompyuta zifungwe kabisa. Kila mwalimu aje na madaftari 40 ya mada moja. Ahesabu makosa, siyo alama. Makosa matatu yaliyojirudia mara nyingi zaidi ndiyo atakayoanza nayo. Kwa kila kosa aandike kwenye karatasi, kwa mkono wake, maneno ambayo angemwambia mwanafunzi huyo akiwa amesimama kando ya dawati lake. Maneno mafupi, asihutubu. Hapo ukurasa umeshajengwa, hata kama stima haijarudi.

Siku ya pili ndiyo kompyuta zifunguliwe. Njia rahisi kuliko zote ni viungo vitupu. Ukurasa mmoja una swali, na kila jibu la kuchagua ni kiungo kinachopeleka kwenye ukurasa wake. Swali lenye majibu manne linahitaji kurasa tano. Hakuna uchawi hapo, ni milango tu. Ila mwalimu atagundua upesi kwamba maswali kumi ni kurasa 50, naye atachoka. Vizuri! Akichoka ndipo aonyeshwe kwamba HTML ina alama ya kuficha maandishi mpaka msomaji ayaguse, kwa hiyo maelezo ya kila jibu yanaweza kukaa humohumo katika ukurasa mmoja. Kitu ukikifundishwa baada ya kukihitaji hukisahau. Kuhesabu alama za mwanafunzi huja baadaye, na hapo huingia lugha ya JavaScript, ambayo Brendan Eich aliibuni mwaka 1995 kwa siku kumi hivi. Si lazima kila mwalimu afike huko. Katika shule moja akiwepo mmoja anayeijua anatosha.

Asiyependa kuandika alama naye asifukuzwe. Wako waliokwisha kumrahisishia. Chuo Kikuu cha Victoria kule Kanada kilitengeneza programu ya Hot Potatoes, hasa kwa walimu wa lugha: unajaza swali, majibu, na neno la kumwambia mtu kwa kila jibu, nayo inakutolea ukurasa tayari. Imekuwa ya bure tangu 2009. Kuna H5P iliyotoka Norwe mwaka 2013, na Moodle ya Martin Dougiamas wa Australia iliyotoka 2002, ambayo vyuo vikuu vyetu vingi huitumia. Hata fomu za Google zinakubali kuandikiwa maelezo kwa jibu sahihi na kwa jibu lisilo sahihi. Mimi napenda Notepad kwanza, kwa sababu mtu aliyejenga kibanda kwa mikono yake akihamia nyumba ya kupanga atajua paa likivuja ni wapi.

Siku ya tatu ni ngumu kuliko zote na haina kompyuta nyingi. Mwalimu amwite mwanafunzi mmoja asiye hodari, ampe ukurasa, kisha akae kando anyamaze. Asimwelekeze. Aangalie tu anagusa wapi, anasita wapi, anaguna wapi. Walimu wa sayansi na hesabu hawatashangaa nikisema hivyo. Mwaka 1998 nchi yetu, kwa msaada wa Japani, ilianzisha mafunzo ya SMASSE kwa walimu wa sekondari, na kazi hiyo ikaendelezwa na kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi. Moja ya mambo waliyofundishwa ni kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Basi tovuti nayo ni hivyohivyo. Neno alilodhani mwalimu ni la msaada huenda likamchanganya mtoto zaidi, na hatalijua hilo mpaka amtazame.

Pengine utauliza, kwani serikali haijaleta kompyuta? Imeleta. Katika mpango wa kuchangamsha uchumi ulioanza 2009, shule tano za sekondari kwa kila eneo bunge zilitengewa kompyuta. Mwaka huohuo nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa zikipita chini ya bahari. Kisha ikaja ile ahadi ya kampeni za 2013 ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza, na mwaka 2016 vishikwambi vikaanza kwenda shule za msingi vikiwa na masomo yake ndani. Mashine zilikuja zikiwa zimejaa, na aliyejaza ni mtu mwingine. Mwalimu alifundishwa kuwasha, kufungua na kufunga. Nadhani hapo ndipo tulipoteleza. Ukimpa mtu mtungi uliojaa, atamimina mpaka uishe, kisha auweke stoo.

Twende sasa kwenye hali ya Kimulot yenyewe, maana mtu ataniambia haya ni mambo ya mjini. Stima hupotea mvua ikinyesha, na huku mvua tunayo. Bando ni pesa. Simu shuleni haziruhusiwi, na nyumbani simu ni ya baba. Yote kweli. Lakini hebu tupime uzito. Ukurasa wa maandishi matupu wenye maneno 1,000 ni kilobaiti 10 hivi. Picha moja iliyopigwa kwa simu nzuri yaweza kufika megabaiti 3, yaani sawa na kurasa kama hizo 300. Video ya somo sijaitaja. Kwa hiyo mwalimu akijizuia kuweka picha yake ya mahafali kwenye kila ukurasa, mada nzima ya ngeli inaweza kutumwa kwa bando ambalo mtu angelitumia kutazama kichekesho kimoja, na hiyo ni ukiitoa mtandaoni. Lakini kumbuka nilivyosema mwanzo, ukurasa ni faili. Unaweza kuhamishwa kwa kadi ya kumbukumbu au kwa Bluetooth kutoka simu moja hadi nyingine, ukasomwa kule juu msituni pasipo mtandao kabisa. Baba akishapiga simu zake za jioni, dakika 30 zinatosha.

Wenye kabambe ndio wanaoniumiza kichwa, kwa sababu kabambe haifungui kurasa kama hizi. Kwao kuna njia ya ujumbe mfupi. Kampuni ya Eneza ya hapa Kenya imetuma masomo na maswali kwa ujumbe wa simu, na kule Tanzania Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, ina Makini SMS. Ona kwamba hata huko kazi ni ileile: swali, jibu, na neno linalomfaa aliyekosea. Mwalimu aliyekwisha andika karatasi zake siku ile ya kwanza hapotezi kitu njia ikibadilika.

Na shuleni je, intaneti ikiwa haiko? Kompyuta moja inaweza kuwa seva ya chumba kizima. Ipo programu iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo intaneti. Katika kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab, tangu 2013 shirika la UNHCR na wakfu wa Vodafone wameweka madarasa yenye vishikwambi na umeme wa jua. Ikiwa jambo hili limewezekana Kakuma kwenye lile vumbi, sisi wa mvua tusijifiche.

Kuna mambo mawili ambayo mafunzo yakiyasahau kazi yote itapotea. La kwanza ni nyumba ya kuwekea. Mwaka 1996 kule Marekani yalianzishwa mashindano yaitwayo ThinkQuest, ambayo vijana na walimu wao kutoka nchi nyingi walijenga tovuti za masomo. Maelfu ya tovuti zilijengwa. Mwaka 2013 waliokuwa wakiyaendesha wakati huo, wakfu wa kampuni ya Oracle, wakaufunga mpango huo, na maktaba ile ikatoweka mahali ilipokuwa. Nikifikiria wale vijana waliokesha naona uchungu. Kwa hiyo nakala ikae mtandaoni, nakala ikae kwenye kompyuta ya shule, nakala ikae kwenye flashi ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu. Neno la siri lisijulikane na mtu mmoja tu. Hapa kwetu walimu huhamishwa, na mwalimu akienda na neno la siri ni kama ameenda na ufunguo wa maabara.

La pili ni majina yetu. Tovuti inayohifadhi nani alipata ngapi, au inayoweka picha za wanafunzi, inaangukia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo hudai idhini ya mzazi kwa mtoto. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Njia nyepesi ni ukurasa usiouliza jina kabisa. Tena mtu hukosea kwa uhuru zaidi akijua hakuna anayeandika.

Mwalimu atasema, "Kijana, wakati uko wapi?" Swali la haki. Ana vipindi, ana zamu, ana madaftari, na ukurasa mmoja mzuri wa maswali kumi unaweza kummalizia Jumamosi nzima. Ndiyo maana si vyema kila mwalimu ajenge kila mada. Shule za sekondari za Konoin zikigawana mada, huyu achukue ngeli, yule achukue uakifishaji, mwingine milinganyo, mwisho wa mwaka kila shule ina zote. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa mara ya kwanza Desemba 2002, zimewekwa kwa ajili ya kugawana hivyo: mwandishi anabaki na jina lake, wengine wanaruhusiwa kunakili na kurekebisha. Chuo Kikuu cha Kabianga hakiko mbali, na wanafunzi wake wa ualimu wakija mazoezini wangeweza kukaa na walimu wetu siku hizo tatu. Bernie Dodge wa Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Diego (San Diego State University) alianza vivyo hivyo mwaka 1995. Alikuwa akiwafundisha wanaosomea ualimu, akabuni aina ya somo la mtandao aliloliita WebQuest, na walimu wengi duniani wakaanza kuandika ya kwao.

Kwa upande wetu Chama cha Kiswahili kimeanza na kile kisichohitaji stima. Kuna daftari la kurasa 200, jalada la buluu, liko kwa katibu wa chama. Kila ukurasa umegawanywa kwa mistari: kosa, nani hulifanya (kidato tu), na kwa nini. Mpaka sasa tuna makosa 63, mengi yakiwa ya ngeli na ya "si" na "siyo", na walimu wawili wameahidi kuandika maneno ya kujibu wakati wa likizo ya Agosti. Ukikosea wiki hii, mlete kosa lako kabla ya Ijumaa, baada ya kipindi cha mwisho na kabla ya magari ya majani kuanza kupita. Jina lako usiandike.